Seva Hamjaiandaa, Mnakimbilia Kusakinisha Nini?

Leo sina habari za simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na wenzangu tunaokula kwa jasho la kompyuta, na pia na wakubwa wanaotulipa mishahara. Mkinikasirikia ni sawa tu, lakini someni mpaka mwisho.

Kuna mtindo umezoeleka katika ofisi zetu hapa Kenya. Mkubwa anaamua kwamba kila mfanyakazi awe na akaunti moja ya kuingilia kwenye kompyuta, kwenye barua pepe, kwenye mfumo wa hesabu na ule wa mishahara, na kwamba ruhusa zote zisimamiwe kutoka mahali pamoja. Uamuzi mzuri kabisa! Kijana wa kompyuta anaitwa Jumatatu, anaambiwa mfumo uwe tayari Ijumaa. Anatafuta mashine iliyolala bila kazi, anaandika amri moja, anajibu "ndiyo" kwa kila swali, na ukurasa wa kuingilia ukitokea kwenye skrini anampigia mkubwa simu. Hongera zinamiminika. Hakuna aliyeuliza kama seva ile ilikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Msimamo wangu ni huu: kusakinisha programu ya kusimamia watumiaji si kazi, ni dakika chache za kungoja. Kazi ni kuiandaa seva. Anayeruka maandalizi haokoi muda wowote. Anaukopa kwa wafanyakazi wenzake bila kuwauliza, na wao ndio watakaoulipa, tena na riba.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na programu hizi, fikiria jengo lenye milango kumi. Unaweza kuweka askari kila mlango, kila mmoja na daftari lake. Au unaweza kuweka bawabu mmoja langoni mwenye daftari moja, anayejua nani ni nani, nani anaingia chumba gani, na nani aliacha kazi jana. Programu hizi ndizo bawabu huyo. Upande wa Windows kuna Active Directory, iliyokuja pamoja na Windows 2000. Upande wa programu huria ipo FreeIPA, ambayo imekusanya daftari la LDAP, Kerberos ya kuthibitisha watu, mtambo wa kutoa vyeti, na DNS kama ukiitaka. Nitaitumia FreeIPA kama mfano kwa sababu ni ya bure na amri yake ya kusakinisha ni moja tu, ipa-server-install. Urahisi huo ndio mtego.

Tuanze na jina. FreeIPA inataka seva iwe na jina kamili, kwa mfano ipa1.ndani.kampuniyetu.co.ke, na jina hilo lielekeze kwenye anwani isiyobadilika ya mtandao wenu. Anwani hiyo nayo ikiulizwa, irudishe jina lile lile. Jina likielekeza kwenye 127.0.0.1, yaani mashine inajiangalia yenyewe, bado hujaanza kazi. Hilo ni la dakika tano. Lakini kuna kubwa zaidi. Jina la domeini kuu na jina la himaya ya Kerberos, lile tunaloliandika kwa herufi kubwa, ukishayaweka wakati wa kusakinisha hayabadiliki tena. Kuyabadilisha ni kubomoa na kujenga upya, na kila kompyuta iliyounganishwa iunganishwe upya.

Sasa niambieni, uamuzi usiobadilika unafanywaje na mtu anayekimbizana na saa kumi ya Ijumaa? Ndiyo maana unakuta ofisi nzima inaishi ndani ya "jaribio.local". Na hiyo .local, tangu 2013, imetengwa kwa ajili ya vifaa vya mtandao kama printa kutafutana vyenyewe, kwa hiyo kuitumia hapa ni kujitafutia mkanganyiko. Hata jina la mtu hapa Kenya hubadilishwa kwa wakili na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Jina la himaya ya Kerberos halina wakili.

La pili ni saa. Watu wanalidharau hili kuliko yote. Kerberos, iliyozaliwa chuo cha MIT kule Marekani katika mradi wa Athena miaka ya 1980, hulinganisha saa ya anayeingia na saa ya seva. Kwa kawaida tofauti ikipita dakika 5, mtu anakataliwa hata kama nywila yake ni sahihi. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia ya UTC. Mtu akiweka saa ya ukutani kwenye mashine inayodhani imepewa UTC, tayari amekosea kwa dakika 180. Ongeza betri ya ubao mama iliyokufa na stima inayopotea kila wiki, na unapata seva inayoamka ikidhani bado ni mwaka mwingine.

Dawa ipo na haina gharama: chrony kwenye kila mashine, na chanzo cha saa ndani ya ofisi, si nje tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo saa na DNS zake ziko ndani haina sababu ya watu wake kufungiwa nje ya kompyuta zilizo mezani pao kwa sababu ya waya uliokatika baharini.

Mtasema haya ni mambo ya mafundi. Basi nisikilizeni. Naijua ofisi moja, sitaitaja, ambayo mfumo kama huu uliwekwa mbio mbio. Seva ilipoteza saa mwisho wa mwezi, wakati wa kulipa mishahara, na kila mtu akakataliwa. Ili kazi iendelee, nywila ya msimamizi mkuu iligawiwa idara nzima ya hesabu "kwa muda". Huo muda ulidumu miezi minne! Siku moja rekodi za malipo zikaonekana zimeguswa. Kumbukumbu za matukio zilifunguliwa, na kila mstari ulisema jambo moja tu: aliyefanya ni "admin". Karani aliyekuwa zamu siku hiyo akasimamishwa kazi. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni yeye, na yeye hakuweza kuthibitisha kwamba si yeye. Aliyesakinisha alishapewa hongera zake kitambo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mfumo huu ukiandaliwa vizuri humlinda mwajiri dhidi ya mwizi, na humlinda karani dhidi ya kusingiziwa. Ukiandaliwa vibaya, unampa mwizi pazia la kujifichia, na karani anabaki mikono mitupu.

Sheria nayo haingoji tujipange. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data za watu zikiingiliwa kwa namna ya kuwahatarisha, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mgundue. Faini ya kukiuka sheria hiyo inaweza kufika shilingi milioni 5. Ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inamtishia anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa kwa faini ya hadi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3. Vizuri sana. Lakini utamshtaki nani, kama akaunti ni ya watu tisa? Na katika saa hizo 72 utaeleza nini, kama seva tatu zina saa tatu tofauti na huwezi kujua tukio lipi lilitangulia?

La tatu ni mashine yenyewe. Ile kompyuta iliyolala pembeni, mbona imelala? Mwongozo wa Red Hat unataka programu hii iwekwe kwenye mfumo safi, usio na mipangilio mingine ya DNS, Kerberos au seva ya wavuti, kwa sababu usakinishaji huandika juu ya mafaili ya mfumo. Ukiichanganya na programu ya hesabu, usishangae mojawapo ikilala. Mwongozo huo huo unataja kumbukumbu ya GB 4 kwa watumiaji 10,000, kwa hiyo hakuna anayedai mnunue mtambo wa mamilioni. Angalieni pia umri wa mfumo: CentOS 7 iliacha kupata viraka vya usalama tarehe 30 Juni 2024. Kuweka funguo zote za kampuni ndani ya mfumo usiozibwa tena nyufa ni sawa na kununua kufuli jipya na kulitundika kwenye mlango ulioliwa na mchwa.

Na ile fayawoli, tafadhali! Milango inayohitajika inajulikana: 88 na 464 ya Kerberos, 389 na 636 ya LDAP, 80 na 443 ya wavuti, 53 kama unatumia DNS yake. Fungua hiyo, kwa mtandao wa ndani. Mtindo wa kuizima fayawoli yote "ili tuone kama itafanya kazi", kisha kusahau kuiwasha, ni uzembe, na nauita kwa jina lake.

La nne ni seva ya pili. Bawabu mmoja akiugua, jengo zima linabaki nje. FreeIPA inakuruhusu kuwa na seva pacha zinazopeana taarifa, basi weka angalau mbili, mtambo wa vyeti uwe kwenye zote mbili, na zisishiriki waya mmoja wa umeme. Weka pia nakala rudufu nje ya seva hizo, na ujaribu kuirejesha kabla mtumiaji wa kwanza hajaingia. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

La tano, na hili halimo ndani ya kompyuta, ni orodha ya watu. Keti na idara ya wafanyakazi kabla ya kugusa kibodi. Nani yuko? Nani ameondoka? Wale wanafunzi wa mafunzo ya kazini wa mwaka juzi, mbona akaunti zao bado zinaishi? Nani anaidhinisha malipo na nani anayaandika tu? Ukihamisha orodha chafu kwenda mfumo mpya, umehamisha uchafu, na sasa una ufunguo mmoja wa kufungua milango yote. Nyumba njema si mlango.

Najua majibu yenu. "Sisi ni wadogo, tuko kumi na wawili tu." Basi huenda hamhitaji mfumo huu kabisa. Kila mtu na akaunti yake, orodha iliyosahihishwa kila mwezi, na yatosha. Hakuna aibu. "Siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu." Wingu litakuondolea shida ya mashine na umeme wa seva, lakini halijui kama Otieno wa bohari aliacha kazi mwezi jana. Orodha bado ni yako, saa za kompyuta zako bado ni zako, na nyaya za baharini zikikatika utalikumbuka wingu kwa machozi. "Mkubwa anataka Ijumaa." Hapo sasa namgeukia mkubwa.

Mkubwa, kabla hujatuma hongera wala kutia sahihi malipo ya kazi hii, uliza maswali haya matano:

1. Jina la domeini tulilochagua litatufaa miaka kumi ijayo, na nani aliliidhinisha?
2. Saa za seva na kompyuta zote zinatoka wapi intaneti ikikatika?
3. Seva hii inafanya kazi nyingine yoyote, na mfumo wake bado unapata viraka?
4. Ikizimwa sasa hivi, watu wataendelea kuingia? Izime nione.
5. Nani alipitia orodha ya watumiaji, na nywila ya msimamizi mkuu inajulikana na nani?

Kwa fundi mwenzangu: ukiambiwa Ijumaa na maandalizi yanahitaji wiki tatu, sema wiki tatu, kwa maandishi. Utaitwa mzito, utaambiwa kuna mwingine anayeweza kwa siku mbili. Yupo kweli. Lakini kuna karani mahali fulani ambaye kazi yake inategemea kumbukumbu zilizo sawa, na huyo hana habari hata kwamba seva ipo. Msemee.

Jibu la swali lolote kati ya hayo matano likiwa "tutaangalia baadaye", basi mfumo haujawekwa bado, hata kama ukurasa wa kuingilia unang'aa namna gani.

Haya, nimesema. Mwenye hoja na aje nayo. Mwenye matusi pia, ila ajibu kwanza swali la nne.