Takwimu Katika Saikolojia: Somo Linalokwepwa, Taaluma Inayolihitaji

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza ya saikolojia huingia chuoni wakiwa na shauku ya kumwelewa binadamu, si ya kukokotoa. Wanapokutana na somo la mbinu za utafiti wa kiidadi, yaani zile zinazotegemea vipimo na takwimu, hisabati waliyodhani wameiacha sekondari huwarudia. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, gharama ya kulikwepa somo hilo haibaki kwa mwanafunzi pekee.

Mfano wa karibu ni dodoso la PHQ-9, linalotumika katika nchi nyingi kupima dalili za sonona. Lina maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Alama 10 na kuendelea kwa kawaida huchukuliwa kuwa ishara ya kuhitaji uchunguzi zaidi. Kujumlisha alama hizo ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni kujua kama swali lililotafsiriwa kwa Kiswahili bado linapima kilekile kilichokusudiwa. Mtu anayesema "nina mawazo" huenda anaeleza sonona, au madeni, au vyote viwili. Asiyefundishwa uhalali na uthabiti wa kipimo ataipokea namba kama ilivyo, na aliyehojiwa ndiye atakayebeba matokeo yake.

Udhaifu huu hauwahusu wanafunzi peke yao. Mwaka 2015, jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliorudia tafiti 100 za saikolojia kutoka majarida yenye heshima. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofikia kiwango hicho. Sababu bado zinajadiliwa, lakini mojawapo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuikokotoa. Anayepima mambo 20 yasiyo na uhusiano wowote, kila moja peke yake kwa kigezo cha 0.05, ana uwezekano wa takribani asilimia 64 wa kupata angalau jibu moja linaloonekana kuwa ugunduzi. Akiripoti hilo moja na kuyanyamazia mengine 19, hajaghushi namba yoyote, lakini amempotosha msomaji.

Programu ya kompyuta haitamzuia, kwa kuwa hutoa jedwali safi hata kwa swali lisilo na maana. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kunakili majedwali, au kumlipa mtu amchambulie data, akahitimu bila kuweza kueleza matokeo yake mwenyewe. Dawa yake haihitaji maabara ya gharama: nadharia tete na mpango wa uchambuzi viandikwe na kukabidhiwa kwa msimamizi kabla dodoso la kwanza halijagawiwa.

Umuhimu wa jambo hili kwa Afrika ni mkubwa zaidi. Mwaka 2008, Jeffrey Arnett alichambua majarida 6 ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani na kubaini kuwa asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye takribani asilimia 12 tu ya watu duniani. Pengo hilo litazibwa, kama litazibwa, na wanafunzi ambao leo wanalikimbia somo la takwimu.