Cheti cha Chuo Si Leseni: Hoja Tano Zisizosimama

Msimu wa udahili ukifika, hoja zilezile hupanda mlima. Utazisikia stendi ya Lushoto, gulioni Lukozi na kwenye mahafali ya kidato cha sita. Mzazi wa Sigi anayeuza iliki ili apate ada huzipokea kama zilivyo, kwa kuwa wanaozisema huongea kwa uhakika mno. Nimezipitia moja baada ya nyingine. Msomaji ndiye atakayeamua.

Hoja ya kwanza: kozi ikishapata ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), mhitimu ana haki ya kufanya kazi ya fani yake. Ni kweli kwamba bila ithibati safari haianzi. Lakini ithibati humthibitisha anayefundisha na kile anachofundisha, haimthibitishi aliyefundishwa. Mwenye shahada ya sheria hasimami mahakamani kama wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha Jaji Mkuu ampokee na kumkubali. Hata baada ya hapo, leseni yake huhuishwa kila mwaka. Daktari naye humaliza shahada, kisha hukaa mwaka wa utarajali. Mhandisi huanza kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, ndipo miaka ya kazi chini ya usimamizi imfikishe kwenye usajili kamili. Kama ithibati ingetosha, ngazi zote hizi zingekuwa za nini?

Hoja ya pili ni ya hapa nyumbani: anayemaliza Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto tayari ni mwanasheria, kwa hiyo uwakili umebaki hatua moja. Chuo hicho, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, ni cha heshima, na wahitimu wake wengi wanazibeba shughuli za mahakama nchi nzima. Ila stashahada ya sheria ni stashahada. Anayetaka uwakili ana shahada ya miaka mitatu au minne mbele yake, kisha mafunzo ya vitendo. Hiyo si hatua moja. Kumwambia kijana vingine ni kumkopesha ndoto kwa riba.

Hoja ya tatu: Tanzania ni nchi moja, basi leseni ni moja. Nchi ni moja, hilo halina ubishi. Lakini fungueni orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba. Elimu ya juu imo, afya haimo. Mahakama ya Rufani imo. Mahakama Kuu ya Zanzibar inajitegemea. Ndiyo maana mawakili wa Bara wana Chama cha Mawakili Tanganyika na wenzao wa visiwani wana chama chao, na Baraza la Madaktari Tanganyika haliwasajili madaktari wa Zanzibar, ambao wana baraza lao. Kwa hiyo TCU moja inaweza kuitambua shahada yako pande zote mbili za bahari, na bado ukahitaji usajili mwingine ukivuka kwenda Unguja.

Hoja ya nne: Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta mipaka ya taaluma. Watetezi wake hutaja Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, na ni kweli kwamba ibara ya 11 inazungumzia kutambuliana sifa za kielimu na kitaaluma. Wanachoruka ni utekelezaji wake. Ibara hiyo huenda fani kwa fani, kwa mikataba kati ya mamlaka za usajili: wahasibu na wasanifu majengo walitia saini mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, madaktari wa mifugo mwaka 2016. Tena mkataba wa wahandisi unamhusu mhandisi ambaye bodi ya kwao imekwisha kumsajili. Aliye na shahada tupu haumbebi popote. Mlango upo, ila ufunguo wake ni leseni ileile ambayo hoja ya kwanza ilisema huihitaji.

Hoja ya tano ndiyo yenye uzito: bodi ni njama ya waliotangulia kuwafungia waliofuata. Ushahidi wa wanaoisema si wa kubeza. Mwaka 2022, katika wanafunzi 633 wa taasisi ile ya uanasheria kwa vitendo, 26 tu ndio waliofaulu kwa mkupuo mmoja, na serikali ikaunda kamati kuchunguza. Kenya nako bodi ya wahandisi iliwakataa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Egerton, mpaka Mahakama ya Juu ikawapa ushindi mwaka 2018. Bodi zinaweza kukosea, na zikikosea zishtakiwe. Lakini angalieni hoja hii inavyoimeza ya kwanza: kama cheti cha chuo kinatosha, bodi ingewezaje kumzuia mtu? Mlalamikaji hawezi kudai kwamba mlango haupo na papo hapo kwamba amefungiwa mlango. Wahitimu wale wa Kenya walipata haki yao kwa hukumu, tena baada ya kupanda ngazi za mahakama kwa miaka, ilhali vyeti walikuwa navyo siku zote.

Kuna dai moja tu ninalolikubali kutoka upande wa pili: kwamba wazazi hawaelezwi. Basi lawama iende panapostahili. Nchini Marekani, ambako kila jimbo hutoa leseni zake, kanuni za serikali kuu tangu Julai 2020 zinavitaka vyuo vinavyoandaa watu kwa fani zenye leseni vieleze ni majimbo gani ambako programu inakidhi masharti na ni yapi ambako haikidhi. Vyuo vyetu vinaweza kufanya hivyo kwa ukurasa mmoja ndani ya fomu ya kujiunga: mamlaka gani hutoa leseni Bara, ipi Zanzibar, na hatua gani zinabaki baada ya mahafali. Chuo kitakachokataa kuuandika ukurasa huo, mzazi asikilipe ada kabla hajaiuliza bodi yenyewe.