Mbolea ya Baba Yako Imeliwa na Nani?

Wewe kijana uliyekaa kijiweni Manzese, Mbagala au Mwanjelwa ukisubiri dili lisilokuja, nisikilize. Najua ukiona habari ya mbolea unakimbilia ukurasa wa michezo. Unasema hayo ni mambo ya wazee wa kijijini. Pole, ndugu yangu! Kiroba cha mahindi anachokutumia mama kwa basi ndicho kinachokufanya usilale njaa hapa mjini. Kikipungua, usilaumu mvua peke yake.

Msimu wa 2008/09, chakula kilipopanda bei duniani kote, serikali ilianza kugawa vocha za pembejeo, na Benki ya Dunia ikatia mkopo wake. Kaya ilipewa vocha tatu za kutosha ekari moja: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Serikali inalipa karibu nusu ya bei, mkulima anajazia.

Kwenye karatasi, safi kabisa. Sasa njoo kijijini kwetu. Nilikuwa shule ya msingi. Baba aliitwa ofisini, akatia dole gumba kwenye daftari, akarudi na noti mbili tatu. Mbolea hatukuiona. Ile nusu ya kujazia hakuwa nayo, kwa hiyo wakala alimpooza kwa hizo noti, akabaki na vocha, akaenda kulipwa kama vile ametoa mfuko. Mahindi yetu mwaka ule yalikuwa ya njano mpaka yanachanua.

Usiseme nasingizia watu. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walichunguza ugawaji wa vocha mkoani Kilimanjaro. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya vocha ziliishia kwenye kaya za viongozi wa kuchaguliwa wa vijiji. Asilimia sitini! Fisi alikabidhiwa bucha.

Vocha za karatasi sasa hazipo. Agosti 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya jijini Mbeya. Mfuko wa DAP au Urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ukashuka hadi 70,000. Hilo ni jema, tusiwe wanafiki. Mkulima anaandikishwa, anapata namba kwenye simu, anakwenda nayo kwa wakala.

Lakini anayeandikisha ni nani? Ofisi ile ile ya kijiji. Mzee asiye na simu ameandikwa kwa simu ya nani? Ekari zilizoandikwa ni zake kweli, au zimeongezwa ili ziada ikauzwe? Kompyuta inameza chochote unachoilisha. Na wakubwa wanapenda kupigwa picha na mfuko wa kwanza. Mfuko wa mwisho hakuna anayeufuata.

Dawa ipo, wala haihitaji mfadhili. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli kubwa, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Basi majina ya walioandikishwa, ekari zao na mifuko waliyochukua visomwe pale kwa sauti. Kijijini kila mtu anajua shamba la jirani linaishia wapi. Mwenye bustani ya mchicha akisomewa ekari ishirini, watu watacheka kwanza, halafu watauliza.

Kwa hiyo leo, kabla hujanunua bando la kuangalia mpira, mpigie mzee. Muulize: umeandikishwa? Namba iko kwenye simu ya nani? Jina lako lilisomwa mkutanoni? Akikujibu "sijui, mwanangu", ujue mfuko wake una mwenyewe, na si yeye.

Na ukienda nyumbani Krismasi au Idi, usiende kuonyesha raba mpya tu. Wakusanye vijana wenzako wanaoishi pale, waambieni viongozi walete orodha. Mlaji haogopi hotuba. Anaogopa jina lake kusomwa mbele ya majirani.