Visoda Mezani, Hisabati Kichwani

Walimu wa Hisabati tukikaa pamoja na mazungumzo yakagusa zana na michezo ya darasani, hoja za kuzipinga huwa ni zilezile. Nazisikia kwa watu wanaojituma, wanaorudi nyumbani jioni na mafungu ya madaftari kwapani, kwa hiyo siwezi kuzipuuza. Nitazijibu moja moja.

"Zana ni gharama." Hii haina mjadala mrefu. Visoda vinaokotwa nje ya kila baa na kila duka la soda. Vijiti viko uani, na kokoto hazijawahi kuadimika.

Tena visoda hivyo vinafanya kazi kubwa. Tuseme somo ni namba tasa. Unaweza kuandika ubaoni kwamba namba tasa hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu, watoto wakakariri, ukafuta ubao. Mimi nilianza kuwapa kila kundi visoda 12 wavipange kwa mistari inayolingana. Wakapata 2 kwa 6, wakapata 3 kwa 4. Nikawaambia waondoe vitano, vibaki saba, wapange tena. Wakahangaika: mistari miwili, kimoja kinabaki, mistari mitatu, kimoja kinabaki. Msichana mmoja akainua kichwa: "Mwalimu, saba inakataa." Jirani yake, bila kuambiwa, akarudisha vinne ajaribu 11. Nayo ikakataa. Hapo ndipo nikaandika jina la namba hizo ubaoni, na darasa zima lilijua ninazungumzia nini.

"Zinakula muda, silabasi haitaisha." Hapa tunatofautiana kabisa. Chukua namba hasi. Njia ya mkato ni kusema "hasi na hasi inazaa chanya", na dakika tano zinatosha. Wiki inayofuata mtoto anakutana na −3 − 2, anaona alama mbili za hasi, anaandika 5. Mtoto huyu si mvivu. Ametumia sheria aliyopewa na mwalimu wake, na ameitumia kwa uaminifu. Kosa hilo utalikuta kidato cha pili, ambako mwalimu mwingine analazimika kuanza upya, na safari hii kwa Kiingereza, maana sekondari zetu hapa Tanzania hufundisha Hisabati kwa lugha hiyo.

Sasa weka visoda mezani. Kisoda chenye nembo juu ni chanya moja; ukikigeuza ni hasi moja; chanya moja na hasi moja zikikutana zinafutana. Hasi tatu ni visoda vitatu vilivyogeuzwa. Mwambie mtoto atoe chanya mbili. Atakutazama, kwa sababu mbele yake hakuna chanya hata moja. Mwache afikiri kidogo. Akikwama, muulize ni kitu gani anaweza kuongeza bila kubadilisha thamani. Kuna atakayesema aongeze chanya moja na hasi moja, kwa kuwa jumla yake ni sufuri. Aongeze jozi mbili za namna hiyo, kisha atoe zile chanya mbili. Mezani zimebaki hasi tano, amezihesabu mwenyewe. Na −3 − (−2)? Anachukua hasi mbili kati ya tatu, inabaki moja. Mtoto aliyefanya hivi haoni ajabu kwamba alama mbili za hasi zimetoa majibu mawili tofauti. Nimetumia vipindi viwili, yaani dakika 80. Mwalimu wa dakika tano atazilipa dakika hizo mara kadhaa kabla mwaka haujaisha.

"Darasa lina watoto 90." Ni kweli, na si haki kwa mwalimu wala kwa mtoto. Lakini 90 ni makundi 15 ya watoto sita, kila kundi na mfuko wake, na kiongozi anayehesabu visoda vinapotoka na vinaporudi. Kelele zitakuwepo. Kwa chaki pekee darasa linatulia, ila wanaojibu ni walewale kumi wa madawati ya mbele, na 80 wananakili.

"Hayo ni mambo ya chekechea." Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba wazo jipya hujengeka kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Singapore ilianza kuufuata mpango huo katika kufundisha Hisabati miaka ya 1980, na tangu 1995 wanafunzi wake wamekuwa wakishika nafasi za juu kabisa katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS. Karibu zaidi na kwetu, Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes aliandika jinsi wanavijiji wanavyopima msingi wa nyumba: kamba mbili za urefu mmoja zinafungwa pamoja katikati, zinavutwa hadi zinyooke, na ncha zake nne ndizo pembe nne za mstatili. Waulize kidato cha tatu kwa nini lazima iwe hivyo. Kuthibitisha jambo hilo si kazi ya chekechea.

"Mtihani hauulizi visoda." Hauulizi, na mwalimu asiyeviondoa mezani kwa wakati anamdhuru mtoto. Baada ya visoda tunachora viduara kwenye daftari, halafu tunabaki na namba. Mtoto akianza kuandika jibu kabla hajamaliza kupanga, ninaufunga mfuko.

Na kuna jambo moja ambalo wapinzani wangu wako sahihi. Ipo michezo inayopoteza muda kweli, hasa mashindano ya kasi, ambapo kundi la kwanza kupaza jibu ndilo linalopigiwa makofi. Wanaoshinda ni wale waliokuwa wanajua tangu asubuhi. Yule wa polepole anatoka akiamini Hisabati si somo lake, na kumrudisha ni kazi ya miezi. Niliyaacha mashindano hayo, na najuta kwamba nilichelewa.

Kuhusu mtihani, mwaka mmoja nilikuwa nasimamia jaribio la mwezi, mifuko yote imefungiwa kabatini. Kwenye dawati la nyuma mvulana alikuwa amelaza mikono juu ya meza, akaigeuza, viganja juu, viganja chini, midomo ikicheza kidogo. Nilipita taratibu nyuma yake. Swali lilikuwa −3 − 2. Akashika kalamu akaandika −5, akaenda swali la pili.