Plastiki Madirishani, na Ujira wa Fundi



Juma hili tunataka kusema jambo ambalo baadhi ya kamati za ujenzi hazitalipenda. Katika makanisa mapya ya pembezoni mwa jiji letu, kuanzia Mbagala hadi Bunju, limeingia zoea la kubandika madirishani karatasi za plastiki zilizochapwa picha za watakatifu, kisha waamini wakatangaziwa kwamba parokia imeweka vioo vya rangi. Hivyo si vioo vya rangi. Ni stika. Hubandikwa upesi upesi kabla ya askofu kuja kutoa Kipaimara, na baada ya misimu michache ya jua la Dar es Salaam Mtakatifu Yosefu amepauka uso na gundi imeachia pembeni.

Rangi ya kioo cha kweli haibandikwi juu. Madini huyeyushwa pamoja na kioo chenyewe: kobalti huleta buluu, shaba au dhahabu huleta wekundu. Ndiyo maana madirisha ya Kanisa Kuu la Chartres, Ufaransa, ambayo mengi ni ya karne ya 13, yangali yakiwaka. Asiye na nauli ya Ufaransa apande daladala hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, aingie alasiri, atazame madirisha yaliyo nyuma ya altare.

Tunajibiwa kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu, sisi hatuiwezi. Jibu hili linatuudhi kuliko stika zenyewe. Huko Kitengela, kusini mwa Nairobi, karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze imetengeneza vioo vya rangi kwa zaidi ya miaka 40, ikitumia kwa wingi vioo chakavu. Hapo pia hutengenezwa vipande vinene vya kioo vinavyopangwa ndani ya saruji, ufundi uliozaliwa Ufaransa katika karne ya 20. Na nani katika Temeke asiyeijua saruji? Vijana wetu wanaofyatua matofali ya matundu wangeweza kujifunza kazi hiyo, na wale wanaokata vioo vya madirisha ya alumini kando ya Barabara ya Kilwa tayari wana mkono wa kukata.

Kazi yenyewe ni ya subira. Fundi huchora dirisha zima kwa ukubwa wake kamili, hugawa mchoro vipande vipande, hukata kila kioo kwa kuufuata mstari, husaga kingo, huunganisha kwa vipande vyembamba vya risasi vyenye mifereji pande mbili, hulehemu kila kiungo, kisha husugua luteki ili mvua isipenye. Kipande kimoja kikizidi kwa milimita 2, kinamsukuma jirani yake, naye anamsukuma wa tatu, hata fremu ikakataa. Dirisha la vipande 200 ni kupima mara 200.

Ndipo linapotoka neno tulilolisikia mara nyingi mno vikaoni: “Fundi, hii ni kazi ya Mungu, punguza.” Mwenye duka la saruji haambiwi hivyo, yeye hulipwa kabla lori halijashusha. Anayeombwa ageuze jasho lake kuwa sadaka ni fundi peke yake, ambaye amekopa ili anunue kioo, na ambaye atangoja malipo hadi mavuno, kisha hadi harambee, kisha hadi paroko mwingine. Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, kwa kuwa mwenye shida hukubali chochote. Je, kamati zetu hazimo katika mafundisho hayo?

Tena bei ya kubana ina madhara mwilini. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Fundi anayelipwa vizuri hupanga chumba chenye hewa, huvaa barakoa na glavu, hubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Aliyebanwa hulehemu uani, watoto wakicheza miguuni pake. Punguzo lile tunalolisifu katika taarifa ya fedha linalipwa na watoto hao.

Hatusemi kila dirisha lijazwe rangi. Joto letu linataka upepo, na kanisa lililozibwa kwa vioo visivyofunguka ni tanuri. Vioo vya rangi vikae juu, penye mwanga. Chini yaachwe matundu au madirisha ya kufungua.

Basi parokia inayojenga ianze na dirisha moja, la juu ya mlango mkuu. Itoe vipimo, imwite fundi akione kipindi ambacho jua hupiga pale, iandikiane naye mkataba unaotaja tarehe za malipo, na impe nusu ya fedha kabla hajakata kioo cha kwanza.