Mwamuzi Asimame Wapi?

Hapa Kisangani mashabiki wa Malekesa na wa Nika wanajua kubishana. Mchezo ukiisha, maneno huendelea hata usiku, na mara nyingi husikika shtaka moja: "Mwamuzi amehongwa!" Neno zito hilo, maana humvunjia mtu heshima mbele ya wanawe. Kabla ya kulitamka, twaona yafaa kuuliza kwanza: je, alikuwa amesimama wapi?

Wazee husema, mwenye macho haambiwi tazama. Twakubali, lakini huambiwa pa kusimama.

Wanafunzi wafanye jaribio hili. Chora mstari wa chaki mezani, uweke chungwa ng'ambo ya mstari, kitako chake kikiwa mbali nao kwa upana wa kidole. Atazamaye kutoka upande wa huku ataona meza kati ya mstari na chungwa, naye ataapa kwamba limekwisha kupita lote. Sasa ainame, jicho lake liwe sawasawa na mstari: ataona tumbo la chungwa lingali juu ya mstari. Ndivyo ulivyo mpira. Sheria yataka uvuke mstari mzima mzima, chini au hewani, ndipo liwe goli.

Tarehe 30 Julai 1966, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Wembley, Geoff Hurst wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Mwamuzi Gottfried Dienst hakuwa na hakika, akamwendea mshika kibendera Tofiq Bahramov. Goli likakubaliwa, na Ujerumani Magharibi ikashindwa 4–2. Ubishi haujaisha hata leo.

Kwa hiyo waamuzi hufundishwa utaratibu alioueneza Mwingereza Stanley Rous. Mwamuzi hukimbia mshazari, toka pembe hata pembe, na kila msaidizi hushika nusu ya mstari wa pembeni, akiwa sawa na mlinzi wa pili toka mwisho, golikipa akihesabiwa. Hivyo mchezo huwa kati ya watu wawili wanaotazamana: lililofichika kwa huyu huonekana na yule.

Hata katika sofboli, mchezo wa Wamarekani, mwamuzi wa nyuma hasimami apendapo. Hushika nafasi iliyo kati ya mdakaji na mpigaji, akituliza kichwa mpaka mpira ufike kwenye glavu. Atikisaye kichwa huona mpira ukiyumba hali hauyumbi.

Basi, ninyi vijana mnaopewa filimbi shuleni, kimbieni! Mwamuzi abakiye katikati kwa uvivu, akapuliza kwa kukisia, amewadhulumu watu ishirini na wawili, hata kama kwa bahati amesema kweli. Nasi watazamaji, tulioketi mbali na mstari, tulikumbuke chungwa kabla ya kufumbua vinywa vyetu.