Shingo Iliyovimba Si Kazi ya Wachawi

Shingo ya mtu ikivimba, mara watu hutaja uchawi. Wengine humpeleka mgonjwa achanjwe chale juu ya uvimbe. Twasema wazi: acheni desturi hii. Rovu ina sababu yake, nayo yajulikana.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Hazina kinywa wala masikio, lakini hupelekeana habari. Chembe hutoa kitu kidogo katika damu, damu hukichukua kama tarishi, na chembe nyingine iliyo na mlango wa kukipokea hufanya kazi yake. Matarishi hao huitwa homoni.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Hiyo huagiza tezi ya shingoni itoe homoni ya kuupa mwili joto na nguvu, na ya kukuza ubongo wa mtoto. Lakini homoni ile haifanyiki pasipo iodini. Iodini ikikosekana, tezi ya juu huzidi kuagiza kila siku, na ile ya shingoni huvimba kwa kujitahidi. Ni kama Waisraeli kule Misri, walioamriwa kufanya matofali bila kupewa majani.

Katika miaka ya 1960 waganga walichunguza jambo hili kisiwani Idjwi, katika ziwa Kivu. Iodini ilipunguka pande zote za kisiwa, lakini rovu zilizidi kaskazini. Baadaye ilijulikana kwamba mihogo isiyotengenezwa vema huleta sumu inayozuia tezi kupokea iodini.

Mtu wa Kenya au Katuba atasema, “Hayo ni ya watu wa milimani, sisi ni watu wa mji.” Sivyo. Wengi wetu huchanganya unga wa mihogo katika bukari, na iodini yetu hutegemea chumvi tunayonunua sokoni.

Tena uvimbe si hasara kubwa kuliko zote. Mtoto akikosa homoni hii tumboni, aweza kuzaliwa kiziwi au mpungufu wa akili, na dawa ya baadaye haitarudisha yote. Kwa hiyo baba anayetoa fedha za soko asiseme chumvi ni shauri la wanawake. Akichagua chumvi isiyo na iodini kwa kuwa bei yake imepungua kidogo, mtoto ndiye atakayelipa.

Nunueni chumvi yenye iodini. Ifunikeni, isipate maji wala jua. Lowekeni mihogo siku kadhaa, kisha ianikeni ikauke vema. Na kila mwenye uvimbe shingoni aje hospitali, kwa maana si kila uvimbe hutokana na iodini. Mwombeeni mgonjwa, ndiyo. Lakini msimwombee huku mkimficha nyumbani.